Usiuze kwanza nyumba ya Chanika

Mwanangu Fadhili,

Hapa Tukuyu hatujambo, ila mvua haikatiki na chai inachumwa kwa shida. Mdogo wako ameniambia nyumba ya Chanika iko kwa dalali na wateja wameshaanza kuja kuiangalia. Usiuze. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikimtaja mama Neema unanikatisha: "Mama, yule sikumuoa."

Ni kweli, hatukupeleka mshenga wala mahari. Lakini mmekaa nyumba moja miaka saba, na mtaa mzima unamjua kuwa mkeo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawatambua kama mume na mke, huhesabiwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Hata ukithibitisha hamkuoana, mahakama bado inaweza kugawa mlichochuma pamoja. Nimeelezwa na msaidizi wa sheria wa hapa kata, na nilimwomba arudie ndipo nikaelewa.

Unasema karatasi ya mauziano ina jina lako peke yako. Sawa, na mabati je? Si mkopo wa kikoba chake, ambao mpaka leo anaurejesha? Nilipokuja kwenu Neema akiwa hajaanza kutambaa, nilimkuta mama yake alfajiri na ndoo, mtoto mgongoni, anamwagilia tofali jua lisije likazipasua. Akimaliza anakwenda kukaanga vitumbua vya kuuza. Wewe ulikuwa njiani na lori, Tunduma. Na hata asingetoa shilingi, tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali.

Sisemi mgawane nusu kwa nusu. Sheria nayo haikusema hivyo; inaangalia kila mmoja alitia nini, madeni mliyokopa kwa faida yenu wote, na mahitaji ya watoto. Nasema mkae kwanza. Mwite mjomba wako wa Mbagala, mama Neema naye aje na kaka yake, nyumba ithaminiwe, muandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ukiitaka nyumba, mlipe sehemu yake hata kidogo kidogo, na deni la kikoba ulibebe. Ukiuza kimyakimya, atakwenda Mahakama ya Mwanzo, na mimi sitakuja kusema sikuona zile ndoo.

Katika wanangu wewe ndiye wa kwanza kujenga. Nalisema hilo hata kanisani. Umelala barabarani ili upate kile kiwanja, najua. Ndiyo maana neno "hawara" lilivyokutoka mdomoni, tena Neema akisikia, liliniuma sana. Usilirudie. Mama Neema ni mkamwana wangu, mkiachana au msiachane.

Usiuze, Fadhili. Dalali mwambie asubiri.

Neema akifunga shule mlete huku. Sweta lake la zamani halimtoshi, nimeanza kumfumia jingine. Ile hela ya mbolea iliyobaki nimemlipa fundi wa banda la ng'ombe, kwa hiyo mwezi huu usinitumie kitu. Peleka kikoba.

Mama yako