Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kipimo ni cha masaa mawili, majibu yanachukua miezi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote ila uvumilivu umeniishia. Wiki hii majibu ya mdogo wangu yametoka: TB sugu, rifampisini haimfanyii kazi. Miezi na miezi amemeza dozi ya kawaida, anakohoa, anakonda, tukirudi kliniki tunaambiwa avumilie dawa zitashika, kumbe ile dawa iliyo tegemeo la dozi nzima ilikuwa haiui kitu. Tunalala nyumba moja na watoto, Mheshimiwa. Nani ameshaambukizwa mpaka sasa hatujui.

Siku ya kwanza walimpima makohozi kwa hadubini tu. Hadubini inataka vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja ndio ivione, na hata ikiviona haikwambii kama ni sugu. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupima TB na usugu wake kwa haraka, ipo pale pale kwenye chumba chake! Wengine wanasema katriji, vile vikopo vya kuwekea sampuli ndani ya mashine, ziliisha, wengine wanasema moduli, yaani sehemu za mashine zinazopima, zimekufa hazijafanyiwa matengenezo, mimi nahisi ni yote mawili.

Shirika la Afya Duniani lilikipitisha kipimo hicho Desemba 2010. Kinasoma vinasaba vya vimelea, kwenye jeni ya rpoB ambako usugu wa rifampisini hujitokeza, na ndani ya masaa mawili hivi unajua TB ipo au haipo na rifampisini itafanya kazi au la. 2017 ikaja Ultra, toleo jipya la kipimo hicho, inayonasa hata vimelea vichache sana. 2021 vikaongezeka vya kuangalia usugu wa dawa nyingine za TB, isoniazidi na fluorokwinoloni. Halafu Septemba 2023 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa nchi ziliahidi kwamba ifikapo 2027 kila anayegundulika na TB awe amepimwa kwanza kwa kipimo cha haraka. Kila mmoja, Mheshimiwa, sio yule tu aliyebahatika kukuta katriji.

Kinachoniuma zaidi ni tathmini zenyewe. Tunatangaziwa mashine ngapi zimenunuliwa na zinapatia kwa asilimia ngapi maabara. Sawa, lakini mgonjwa haishi maabara. Sampuli ikilala inasubiri usafiri, majibu yakatoka yakabaki kwenye daftari, daktari akaanzisha dozi kwa kubahatisha, hayo masaa mawili yamemsaidia nani? Pimeni muda kuanzia mtu anatoa makohozi mpaka anashika dawa sahihi mkononi, hiyo ndiyo tathmini.

Na kipimo chenyewe kichunguzwe bila woga, maana nacho kina mipaka yake. Kule Eswatini vimelea vyenye badiliko la vinasaba liitwalo I491F vilipita bila kuonekana kwa sababu badiliko hilo liko nje ya kipande cha jeni ambacho mashine inakisoma, watu wakaambiwa rifampisini itawafaa na wakati haiwafai. Kwa hiyo mgonjwa akimeza dawa vizuri na hapati nafuu, msimwambie avumilie, otesheni vimelea vya makohozi yake maabara na someni vinasaba vyake vyote. Pia majibu ya vinasaba yasitumike kusema mtu amepona au hajapona, yananasa hata vimelea vilivyokufa.

Tangu 2022 kuna tiba ya TB sugu ya miezi sita, vidonge vitupu bila sindano. Mdogo wangu angeianza mapema pengine saa hizi angekuwa anaimalizia, badala yake ndio kwanza anaanza na pafu limeshaliwa.

Ninaomba kitu kimoja tu, na nitakirudia mpaka nijibiwe. Kipimo cha kwanza kwa kila anayehisiwa kuwa na TB kiwe cha vinasaba, chenye kuonyesha usugu, kabla hajapewa kidonge chochote. Katriji ziwepo, mashine zitengenezwe, majibu yamfikie mgonjwa. Kipimo cha kwanza, Mheshimiwa, sio cha mwisho baada ya mtu kuharibika. Jibu nalisubiri hapa hapa hadharani.

Ndugu wa mgonjwa