Nesi mnayemfokea mbele ya kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi. Sijawahi kukuandikia hata mara moja, ingawa gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini, na yaliyoniudhi humo nimeyameza mengi. Hili la wiki iliyopita limekataa kushuka.

Habari yenyewe unaikumbuka, maana mliipa ukurasa wa mbele na picha kubwa. Kiongozi kafika zahanati bila taarifa, kakuta foleni ya kina mama na watoto, kamtoa muuguzi nje na kumfokea mbele ya wagonjwa wake na waandishi wa habari kwamba ana lugha mbaya na anafanya kazi kwa mazoea. Mwandishi wenu akaeleza jinsi wananchi walivyoshangilia. Nimeisoma habari ile mara mbili nikitafuta mambo mawili tu: zahanati ile ina watumishi wangapi, na yule binti usiku wa kuamkia siku ile alilala saa ngapi. Sikuyaona.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chamwino. Zahanati ya kijijini kwetu ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Tabibu alihamishwa mwaka jana, hajaletwa mwingine. Nikusimulie usiku mmoja.

Ilikuwa Februari, mvua zimechanganya, korongo limejaa. Mjukuu wangu wa miezi 8 alikuwa na kikohozi siku ya pili, na usiku ule akaanza kuhema mbiombio, pua zinachanua. Saa saba usiku mimi na mkwe wangu tukaenda kugonga kwa nesi. Akatoka na khanga begani, macho mekundu. Nikaanza kumpa maelezo, nikamwambia ampige mtoto sindano haraka. Akanikatiza: "Bibi, kaa chini, nyamaza kwanza." Mbele ya mkwe wangu! Nilichukia, sikufichi. Nimefundisha miaka 32, leo ninyamazishwe na binti ambaye ningeweza kumfundisha darasa la kwanza.

Kumbe alitaka ukimya ahesabu. Alimwambia mama ampakate mtoto, akapandisha fulana, akawasha simu aone sekunde, akainama mpaka uso wake ukakaribia tumbo la mtoto. Akahesabu pumzi dakika nzima. Katikati mtoto akalia. Akaacha, akangoja anyonye atulie, akaanza upya kuanzia moja. Pumzi 58. Akatazama kama kifua kinabonyea kwa ndani. Akamuuliza mama kama mtoto anatapika kila anachomeza, kama amepata degedege. Kisha akaniambia, sasa kwa upole, kwamba mtoto wa umri ule mwenye kikohozi akifikisha pumzi 50 kwa dakika anatibiwa nimonia, na aliyetimiza mwaka mmoja hesabu yake ni 40. Akayeyusha kidonge cha amoksilini kwenye kijiko cha maji safi, akampa dozi ya kwanza palepale, akatuelekeza turudi mbio saa yoyote mtoto akigoma kunyonya. Chumba kile hakina saa ya ukutani. Simu ni yake na vocha ni yake.

Asubuhi saa mbili nilipokuwa napeleka uwele mashineni nilimkuta kwenye mizani ya kliniki, foleni imefika mpaka kwenye mwarobaini. Ndipo mhudumu akanidokeza kwamba tulipogonga ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuzalisha, na usiku wa nyuma yake ilikuwa vivyo hivyo. Nikiwa pale pale nikamsikia anamkaripia mama aliyesahau kadi ya mtoto. Alimkaripia vibaya, kwa hilo sitamtetea. Ila nilikuwa najua usiku wake ulivyokwenda, na kiongozi wenu hakujua wala hakuuliza.

Mhariri, gazeti lako hilihili liliandika matokeo ya utafiti wa afya wa 2022: vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 katika kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Mlipongeza viongozi, sawa, wapongezwe. Lakini zile namba zilishushwa na nani kama si watu hawa wanaohesabu pumzi kwa tochi ya simu? Nani anayebeba kasha la chanjo kwenda huduma ya mkoba vitongojini, barafu inayeyuka, chanjo inatakiwa ikae nyuzi joto 2 hadi 8, na fedha ya mafuta ya pikipiki haijafika? Nimemwona kwa macho yangu akimlipa bodaboda kutoka mfukoni mwake, kwa sababu kina mama walishaambiwa ni Alhamisi, na yeye alijua akikosa Alhamisi moja hawatamwamini tena. Akidai hela yake anaambiwa asubiri, halmashauri haijapokea. Sisi wanakijiji nasi tuna lawama yetu. Tulichangia matofali na mchanga, tukajenga boma la nyumba ya mtumishi, tukapiga picha na mgeni rasmi, na mpaka leo boma lile halina paa, mbuzi wanalala humo. Tunajua kusimamisha ukuta. Kumtunza mtu anayekuja kuishi ndani yake tumeona ni kazi ya mwingine.

Halafu watoto si wachanga pekee. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18. Shuleni nilikuwa mlezi wa wasichana. Mwaka 2018, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, wazazi walinijia juu, wakisema tunawafunga mabinti zao uzazi. Muuguzi wa wakati ule alikuja mara tatu kwa miguu, akaketi nao chini ya mti, akatukanwa, akarudi tena. Siku hizi chanjo ile ni dozi moja na inaanzia miaka 9, na wazazi wenyewe ndio wanaouliza inakuja lini. Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo.

Utafiti uleule wa 2022 unasema wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwishawahi kupata mimba. Tunamtaka nesi azungumze nao mapema. Azungumzie wapi? Chumba ni kimoja na kitasa kimekufa, foleni yote inasikia. Nimemwona akimpeleka msichana wa sekondari nyuma ya tangi la maji, wamechuchumaa wanaongea, na macho ya binti yule yako njiani kuangalia nani anapita.

Na semina! Mwaka huu ameitwa mjini mara mbili kwa siku tatu tatu, kujifunza kujaza vitabu vya MTUHA vilivyobadilishwa, vile vya kuandikia taarifa za wagonjwa na huduma. Vitabu ni vingi, mtoto mmoja anaandikwa hiki, anaandikwa na kile. Siku hizo zote mlango ulifungwa kufuli, na nilikutana na mama ametoka kitongoji cha mbali na mtoto mgongoni, anageuka kurudi. Makao makuu ya nchi yapo hapa Dodoma, wizara zote ziko jirani yetu. Anashindwaje mtu mmoja kupanda gari akaja kumfundishia kazini kwake?

Mwezi wa tano mtoto alimfia mikononi, degedege la malaria, aliletwa amechelewa. Siku ya tatu wakaja wakaguzi. Wakataka kitabu, saa aliyompokea, dawa aliyompa, saini. Ni wajibu wao na sipingi. Walipoondoka nilimpelekea uji, nikamkuta amekaa kwenye benchi la kliniki anatazama mizani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye analala vipi. Mchana uleule alikuwa na watoto wengine wa kuchanja, na akawachanja.

Kwa hiyo naomba haya. Aletwe muuguzi wa pili kabla ya mvua za Desemba. Kitasa kitengenezwe. Fedha ya huduma ya mkoba itolewe asubuhi ya safari. Kiongozi mwenye la kumkanya mtumishi aingie naye ndani, afunge mlango, wote wawili wakae kwenye viti. Tena mkoani kwetu tuna Hospitali ya Mirembe, tuna wataalamu wa afya ya akili ambao mikoa mingine inawatafuta. Atoke mmoja wao kila baada ya miezi mitatu, aje aketi na wauguzi wa zahanati za Chamwino kwa siku moja, bila kitabu cha kukagua. Hasa baada ya mtoto kufariki.

Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde nimeshainunua. Naipeleka Jumatatu.

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma.