Barua ya wazi kwa mdogo wangu asiyetaka riwaya za filamu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ulinieleza kwamba huoni sababu ya mtu kununua riwaya iliyoandikwa kutokana na filamu aliyokwisha kuitazama, kwa kuwa kisa anakijua, wahusika anawajua na mwisho anaujua. Nimeona nikujibu hadharani, kwani wenye mawazo kama yako ni wengi, na vitabu vingi vya aina hiyo vinawapa haki. Mwandishi hukabidhiwa skripti na muda mfupi ili kitabu kiwe dukani filamu inapotoka. Hapo usitarajie maajabu.

Lakini mtazame mwongozaji wa filamu Quentin Tarantino. Mwaka 2019 alitoa filamu ya Once Upon a Time in Hollywood, na mwaka 2021, filamu ikiwa imekwisha kupita kwenye majumba ya sinema, akatoa riwaya yenye jina hilohilo. Unakumbuka jinsi filamu ile inavyotupeleka polepole hadi usiku wa wavamizi, mbwa na moto kwenye bwawa la kuogelea. Katika riwaya, tukio hilo zima linatajwa kwa kupita tu, kabla hata hatujafika katikati ya kitabu, kana kwamba ni habari ya zamani. Kisha msimulizi anaendelea na mambo yake. Kitabu kinamalizikia kwenye simu, Rick Dalton, mwigizaji ambaye ndiye mhusika mkuu, akifanya mazoezi ya maneno ya igizo pamoja na Trudi, yule mwigizaji mtoto. Kwangu mimi huo ni mwisho bora kuliko ule wa filamu, ingawa najua utabisha.

Halafu kuna Cliff Booth, anayemwigizia Rick matukio ya hatari, na ile boti. Kwenye filamu tunamwona ameshika bunduki ya kuvulia samaki, mkewe akimsimanga, na picha inakatwa. Tunatoka tukibishana kama alimuua au hakumuua. Riwaya haituachii ubishi huo: alimpiga kwa bunduki hiyo, kisha akamshikilia kwa saa nyingi huku wakizungumza kwa upole ambao hawakuwa nao hapo awali, wakisubiri msaada. Yule mtu mcheshi uliyempenda kwenye skrini anageuka kuwa mtu wa kutisha, na bado humchukii. Kitabu hichohicho kinampa sura ya kuzungumzia mapenzi yake kwa filamu za Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani, jambo ambalo kamera isingelivumilia hata dakika tano.

Ndiyo maana nasema hoja yako inakugeukia. Kwa kuwa msomaji anakijua kisa, mwandishi hana tena mzigo wa kukificha. Anaweza kuutupa mwisho njiani na kushughulika na yale ambayo filamu iliyapita.

William Kotzwinkle alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1982 alipoandika riwaya ya E.T., ile filamu ya kiumbe kutoka sayari nyingine, tena akiwa ndani ya ule mfumo wa vitabu vya haraka nilioulaumu. Watazamaji wengi walimchukulia kiumbe yule kama mtoto aliyepotea. Kotzwinkle aliingia kichwani mwake akamkuta mzee wa miaka mingi mno, mtaalamu wa mimea, ambaye moyo wake unamwelekea mama yake Elliott, mvulana aliyemficha. Wapo waliochukizwa. Mimi naona ni ujasiri, maana filamu haikumzuia kuwa hivyo. Ila haikuwa na njia ya kutuonyesha.

Ukikubali kujaribu, anza na ya Tarantino, lakini irudie filamu kwanza hata kama unadhani unaikumbuka, kwa sababu ule mstari unaotaja usiku wa wavamizi utampita bure asiyeiona. Ukimaliza niandikie unieleze habari ya Cliff: kama bado ungepanda gari lake.

Kaka yako