Bima ya nyumba isiyojua mafuriko

Ndugu Mhariri,

Mvua za Dodoma zinapochachamaa, wenye bima ya nyumba hudhani wako salama. Jirani yangu hapa Nkuhungu alidhani hivyo. Maji yalipoangusha ukuta, kampuni ilimjibu kuwa bima yake ni ya moto na radi tu. Mafuriko, dhoruba na tetemeko huongezwa kwa ada ya ziada, jambo ambalo wakala hakuligusia. (Na sisi wa Bonde la Ufa tetemeko tunalijua!)

Kuna mtego mwingine. Nyumba ya milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40 ili kubana ada, kisha ukapata hasara ya milioni 10, mikataba mingi itakulipa milioni 5, yaani nusu, kwa kuwa uliikatia bima nusu tu ya thamani yake, kabla ya kukata sehemu unayobeba mwenyewe. Wangapi wameambiwa hivyo siku ya kusaini?

TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, iko hapahapa Dodoma. Iyabane makampuni yaandike kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, majanga yasiyofidiwa. Na aliyekataliwa apige picha kabla ya kuzoa kifusi, adai sababu kwa maandishi, kisha aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma