Barua ya wazi kwa vijana wanaohamia shambani Mkuranga

Wapendwa wanangu wa kikundi cha sala,

Bwana Yesu asifiwe. Nimezisikia habari za shamba mlilolipata Mkuranga, na kwamba familia kadhaa zimekubaliana kuacha nyumba za kupanga hapa Mbagala na Temeke ili zikaishi huko pamoja, zikilima pamoja, zikila kutoka ghala moja na kuweka mapato katika mfuko mmoja, kama walivyofanya waamini wa kwanza wa Yerusalemu. Siandiki ili niwazuie. Baadhi ya wazee wenzangu wanasema jambo hili lilijaribiwa na taifa zima baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na likashindikana, lakini naona mfano huo hauwahusu sana, kwa maana watu wengi wa Operesheni Vijiji walihamishwa kwa amri, nanyi mnakwenda kwa hiari. Mfano unaowahusu uko mbali zaidi, katika kijiji kidogo cha jimbo la Ohio nchini Marekani kiitwacho Zoar, na ningependa mjue habari zake kabla hamjalipa fedha ya mwisho ya shamba hilo.

Waanzilishi wake walikuwa Wajerumani wa Württemberg waliojitenga na kanisa la dola, wakakataa sakramenti zake na utumishi wa jeshi, na kwa ajili hiyo wakatozwa faini na kutiwa gerezani. Mwaka 1817 walivuka bahari hadi Philadelphia, wakasaidiwa na Wakwekeri wa mji huo (Wakristo wa dhehebu la Marafiki), kisha wakanunua kwa mkopo kiasi cha ekari 5,500 kando ya mto Tuscarawas, na kijiji wakakiita kwa jina la Soari, mji aliokimbilia Lutu. Nia yao ya kwanza haikuwa kuchanganya mali. Kila familia ilitarajiwa kuwa na kipande chake na kulipa sehemu yake ya deni. Walipoona kwamba wazee, wagonjwa na maskini miongoni mwao hawataweza kulipa, mwezi wa Aprili 1819 wanaume 53 na wanawake 104 walitia sahihi mkataba wa kuweka mali zote na kazi zote pamoja.

Na mpango huo ulifanya kazi, jambo ambalo wanaowabeza hawapendi kulisikia. Jimbo la Ohio lilipochimba mfereji mkubwa wa kupitishia mashua katika miaka ya 1820, sehemu ya mfereji ilipita katika ardhi yao, nao wakaichukua kandarasi, wanaume kwa wanawake wakachimba, wakapata kiasi cha dola 21,000 zilizowasaidia kulimaliza deni la ardhi. Wanawake walipiga kura ya kuwachagua wadhamini wa kijiji, ilhali katiba ya Marekani iliwapa wanawake wa nchi hiyo haki ya kura mwaka 1920.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kiongozi wao, Joseph Bimeler, aliyekuwa mhubiri, tabibu na msimamizi wa biashara kwa pamoja, ndiye aliyeandikwa kwenye hati ya ardhi, na jina lake lilibaki hapo kwa zaidi ya miaka 30. Simwiti mwizi, kwa sababu alipofariki mwaka 1853 wosia wake uliirudisha mali yote kwa jumuiya. Lakini fikirini kwamba kwa muda wote huo chakula, nyumba na makaburi ya kijiji kizima vilitegemea dhamiri ya mtu mmoja, na kwamba wosia ule ungeweza kuchelewa. Nimeambiwa mkataba wenu wa mauziano umeandikwa jina la mwalimu wenu. Nampenda mwalimu huyo, naye sina shaka naye. Shaka yangu ni kwa kikao cha ukoo kitakachoketi siku akiondoka, kwa kuwa ndugu zake watakwenda mahakamani kufungua mirathi wakiwa na karatasi yenye jina lake, nanyi mtakwenda na ushuhuda wa maombi. Sajilini baraza la wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, na shamba liandikwe jina la baraza hilo. Wadhamini wachaguliwe kwa kura na waweze kubadilishwa, na kina mama wapige kura hiyo.

Jambo la pili ni la yule atakayeondoka. Warithi wa mtu mmoja wa Zoar, Johannes Goesele, walidai fungu lake katika mali ya kijiji, na kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1852 iliamua kwamba hawana chochote, kwa sababu marehemu alitia sahihi ya kukana umiliki wa peke yake. Kisheria hukumu hiyo ilikiokoa kijiji. Mimi binafsi naiona sheria ya namna hiyo kuwa ngumu mno kwa watu wanaoitana ndugu, maana humfanya mtu abaki kwa kukosa nauli, na anayebaki hivyo huwa sumu mezani. Fungueni daftari, mwandike kila alichokuja nacho mtu, kuanzia mabati hadi kiinua mgongo, na mkubaliane ni sehemu gani atarudishiwa akiondoka, kwa awamu ambazo shamba linaweza kuzibeba.

Watoto nao wanahitaji kifungu chao. Waliozaliwa Zoar hawakuteswa na mfalme yeyote, wala hawakuvuka bahari. Reli ilipofika, na hoteli ya kijiji ikajaa wageni wenye fedha mfukoni, vijana walianza kuuliza kwa nini wao hawana. Mwaka 1895 mwalimu wa shule ya kijiji, Levi Bimeler, wa uzao wa mwanzilishi mwenyewe, alianza kuchapa gazeti dogo la kudai mali igawanywe. Mwaka 1898 wanachama walikubali, wakagawana mashamba, nyumba na fedha, na kijiji kikabaki kijiji cha kawaida, ambacho hadi leo watu huenda kukitazama kwa ajili ya nyumba zake za kale. Andikeni kwamba mtoto akifikisha miaka 18 atachagua mwenyewe, na kwamba akichagua mjini, mfuko ule ule uliomlisha utamlipia ada ya chuo.

Rasimu ya katiba ikiwa tayari, nileteeni nyumbani niisome kabla hamjaipeleka kwa wakili. Nitaanza na ukurasa wa mali.

Ni mimi mzee wenu,
Temeke, Dar es Salaam