Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Ndugu wanachama wapendwa, Bwana asifiwe.

Kwa mujibu wa katiba yetu, taarifa ya mwenyekiti hutangulia ile ya mweka hazina. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa mnanijua.

Mwaka tulipouanza, kamati ilikuwa na lengo moja: kuhuisha imani yetu kwa kukaribishana majumbani. Tulikuwa tumepoa. Ibada tulihudhuria, michango tulitoa, lakini tukitoka pale kila mtu na njia yake. Mwenzako akiuguliwa, habari unazipata mgonjwa akiwa ameshapona au ameshazikwa. Ndipo tukakubaliana kwamba kila mwezi nyumba moja ifungue mlango, tule pamoja, tusome Neno, tuombe, na kila mwanachama awe huru kuja na mtu asiye wa kwetu.

Wageni walikuja. Tatizo tulilitengeneza wenyewe, nami nikiwa wa kwanza, maana wazo la vitambulisho lilikuwa langu. Wanachama tulivaa kifuani kadi zenye majina yetu; wengine wote walipewa kadi iliyoandikwa MGENI. Nia ilikuwa njema, kwamba mgeni atambulike, ahudumiwe kwanza. Katika kikao cha nne mama mmoja aliipokea kadi yake mlangoni, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwenyekiti, ugeni wangu unaisha lini?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Kila alipokuja aliletewa kiti, aliletewa sahani, aliombewa. Hakuna aliyewahi kumwomba hata asogeze benchi. Na jina lake, nakiri mbele yenu, nilikuwa silijui.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumsimanga mgeni anayekawia. Mimi tangu jioni ile naisikia vingine. Jembe ni heshima. Aliyepewa jembe ana sehemu yake shambani. Anayeendelea kuletewa sahani ni mpita njia tu. Na Wakristo wa mwanzo walifika hapo hapo. Didache, mwongozo wa kanisa ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, unaagiza kwamba msafiri ajaye kwa jina la Bwana apokewe na kusaidiwa, akae siku mbili au, ikibidi, tatu. Akitaka kubaki, na afanye kazi ale; asiye na ufundi, jamii imtafutie namna ya kuishi nao bila kukaa bure. Mtume anayepita alibanwa zaidi: siku moja, ikibidi mbili, na akikaa tatu ni nabii wa uongo. (Wahubiri wetu waalikwa wasikasirike.)

Kamati ikaziondoa kadi, ikaweka utaratibu kwamba anayekuja mara ya tatu anaingia kwenye zamu: kupanga viti, kusoma somo, kufungua kwa sala, kuosha vyombo, kuwasindikiza wazee. Mjadala ulikuwa mkali, sitauficha. Wapo waliosema tunawatwika wageni mizigo yetu. Wapo waliohofia usalama wa watoto. Hao walikuwa sahihi, na zamu ya watoto imebaki kwa wanachama tunaowafahamu vizuri, wawili wawili, kamwe si mmoja peke yake. Mfuko wa fedha nao haumo kwenye zamu. Mengine yote yamo.

Jioni moja zamu ya sala ilimwangukia mzee aliyeletwa na jirani yake, mtu ambaye hakuwa amesali tangu amzike mkewe. Alisimama, akakaa kimya hadi watoto wakaanza kutazamana. Kisha akasema, "Maneno sina. Ninayoijua ni ile ya utotoni." Akaanza Baba Yetu. Alipofika "utupe leo riziki yetu" sauti ikamkatika. Binti aliyeketi kando yake akaipokea pale pale ilipoishia, na chumba kizima kikamfuata. Kwenye fomu ya kamati hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo. Tangu siku hiyo mzee hajakosa kikao, na sasa ndiye anayewapigia simu wasioonekana.

Wale wanafunzi wawili wa Emau, katika Luka sura ya 24, walimsihi mwenzao wa njiani, ambaye hawakumtambua kuwa ni Yesu aliyefufuka: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha." Nyumbani, mgeni ndiye aliyeutwaa mkate, akabariki, akaumega, kazi ambayo ni ya mwenyeji. Hapo ndipo macho yao yalipofumbuliwa. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama wangemwambia: wewe ni mgeni, tulia, utahudumiwa.

Sasa lawama, na hii ni yetu wanaume. Mara kadhaa nilichungulia jikoni wakati wa somo. Waliokuwamo ni wanawake, na ni wale wale. Ukarimu wetu uliwalisha wageni ukawanyima Neno dada zetu. Waraka wa kwanza wa Petro unataka tukaribishane pasipo kunung'unika, nasi tuliichukulia aya hiyo kuwa onyo kwa waliochoka. Benedikto wa Nursia aliielewa vizuri zaidi. Katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6 aliagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na hilo hunukuliwa sana. Lisilonukuliwa liko katika sura hiyo hiyo ya 53: jiko la wageni lipangiwe ndugu wawili kwa mwaka mzima, na wapewe wasaidizi kila wanapohitaji, ili wahudumu bila manung'uniko. Yaani manung'uniko hutibiwa kwa kuongeza mikono. Kuanzia mwaka ujao hakuna nyumba itakayokaribisha bila wasaidizi waliotajwa kwa majina siku saba kabla, wanaume wakiwemo, na somo halitaanza jikoni kukiwa na mtu.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Nyumba mbili zilizoomba kupumzika zimepumzishwa, kwa shukrani. Uchaguzi utafanyika baada ya taarifa yake. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, na yule mama wa kadi amependekezwa na wanachama watatu. Jina lake sasa ninalijua, nanyi mtalikuta kwenye karatasi ya kura.

Kadi zilizobaki ziko kwenye boksi stoo. Nyuma hazina maandishi. Mwenye kuzihitaji azichukue.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti