Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2024/25

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa chama chetu cha mashabiki wa Bucks, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA, tunaoongea Kiswahili hapa Milwaukee, nawasalimu nyote.

Mambo ya chama nitayapitia haraka. Mahesabu ya mhazini yamekaguliwa na mtayakuta mezani mkifika mkutanoni. Ada zinasuasua, kama kila mwaka, na wenye madeni wanajijua. Katibu anaendelea. Mfuko wa misiba haukuguswa kwa jambo lingine lolote, na hautaguswa. Waliohamia mjini karibuni, wengi wao kutoka Kivu na Kigoma kupitia kambini, wamepokelewa vizuri, na wapo ambao sasa wanabisha kuhusu nyota wetu Giannis kuliko sisi wenyeji.

Sasa tuje kwenye lile lililowafanya baadhi yenu muiletee kamati barua ya kutaka chama kidai kocha Doc Rivers aondolewe.

Msimu huu tulianza vibaya, tukashinda mechi 2 tu katika 10 za kwanza. Desemba 17 tukachukua Kombe la NBA, lile la katikati ya msimu, kule Las Vegas kwa kuwafunga Oklahoma City 97 kwa 81. Jioni ile kila mpinzani aliyeshika mpira alikuta mtu mbele yake na msaada nyuma ya huyo mtu, na timu iliyokuja kuwa bingwa wa ligi miezi sita baadaye ikaishia pointi 81. Tukamaliza msimu na ushindi 48 na vipigo 34, nafasi ya tano Kanda ya Mashariki, tukapangiwa Indiana Pacers kwenye hatua ya mtoano kwa mwaka wa pili mfululizo. Wakatutoa kwa mechi 4 kwa 1.

Mechi ya tano, Aprili 29, wengi wenu mliitazama pamoja ukumbini. Ilikuwa Indianapolis, ikaingia muda wa ziada, na sekunde 40 kabla ya mwisho tulikuwa mbele 118 kwa 111. Wapo waliokwisha anza kukunja viti. Andrew Nembhard wa Pacers akatia pointi tatu. Tukaporwa mpira. Mwenzake Tyrese Haliburton akafunga na kuchezewa faulo juu yake, akatia na mtupo huru: 118 kwa 117. Mpira wetu tena, pasi ikamfikia Gary Trent Jr., ikampita mikononi, ikatoka nje. Haliburton akamwendea Giannis uso kwa uso, akampita, akafunga ikiwa imebaki sekunde moja na ushee. 119 kwa 118. Na kinachouma zaidi, Haliburton ni mtoto wa Oshkosh, humu humu Wisconsin.

Simlaumu Trent. Usiku ule alitufungia pointi 33, na bila yake tusingefika muda wa ziada. Giannis naye alikuwa na pointi 30, ribaundi 20 na asisti 13. Damian Lillard, mfungaji wetu mwingine, alikuwa ameshakatika kano ya kisigino mechi iliyotangulia. Ninachouliza ni kingine: timu iliyo mbele kwa pointi 7, inayojua wapinzani watakuja kubana kuanzia nyuma, imempangia nani aupokee mpira? Na akibanwa huyo, wa pili ni nani? Mimi sikuona mpango. Niliona watu watano wakitafutana kwa macho.

Lakini tusijidanganye kwamba hili limeletwa na Rivers. Rudini Aprili 2023. Tulikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 58, na ulinzi uliokuwa miongoni mwa mitano bora ya ligi. Miami wakaingia na nafasi ya nane wakatutoa 4 kwa 1. Jimmy Butler wao alitufunga pointi 56 katika mechi ya nne, na muda mwingi kocha Mike Budenholzer alimwacha mlinzi mmoja ahangaike naye bila kumpelekea mtu wa pili. Mechi ya tano tuliingia robo ya nne tukiwa mbele kwa 16, hapa nyumbani, tukaupoteza uongozi wote. Butler alisawazisha ikiwa imebaki nusu sekunde, na Budenholzer hakuita taimauti, kusimamisha mchezo apange mbinu. Ukaja mwisho wa muda wa ziada, tuko nyuma kwa pointi 2, mpira wetu, taimauti ipo, na bado hakuita. Saa ikaisha mpira ukiwa mikononi mwa Grayson Allen, hata kurusha hakurusha. Siku ile hata mimi ningetia saini barua.

Budenholzer akafukuzwa, yule yule aliyetupa ubingwa wa 2021. Akaja Adrian Griffin, akafukuzwa Januari 2024 akiwa na ushindi 30 na vipigo 13. Akaja Rivers, akamaliza msimu ule kwa ushindi 17 na vipigo 19, na Pacers wakatutoa. Makocha watatu ndani ya mwaka mmoja, na dakika za mwisho bado zinatushinda. Najua mtaniambia rekodi ya Rivers, kwamba mara tatu timu zake zimeongoza 3 kwa 1 na kutolewa: Orlando 2003, Clippers 2015, Clippers tena 2020. Ni kweli, na sitamtetea kwa hilo. Ila mtu akibadilisha dereva mara mbili na gari bado linavutia mtaroni, akague na usukani.

Usukani wenyewe tuliuuza Septemba 2023, tulipompeleka mlinzi wetu Jrue Holiday Portland ili tumpate Lillard. Mfumo wetu wa miaka ile ulikuwa mtu mrefu, Brook Lopez, arudi chini ya kikapu amsubiri mshambuliaji, huku mlinzi wa mbele akipenya kwenye skrini, yaani mpinzani anayesimama kumzibia njia, na kumfuata mwenye mpira mgongoni. Ukiwa na Holiday mfumo unakwenda, kwa sababu haachi mgongo wa mtu. Ukimweka Lillard, ambaye kazi yake ni kufunga, mshambuliaji anabaki na nafasi bwerere katikati: arushe, au ampe mwenzake aliye pembeni. Griffin alijaribu kuwapandisha walinzi juu zaidi, wachezaji wenyewe wakalalamika, akarudi kwenye ule ule wa zamani. Ulinzi ukaporomoka hadi nusu ya chini ya ligi. Yupo atakayesema Butler alimfunga huyo huyo Holiday. Alimfunga, ndiyo. Lakini wanaokumbuka fainali ya 2021 wanakumbuka mechi ya tano Phoenix, tukiwa mbele kwa pointi moja, Holiday akimpokonya Devin Booker mpira mikononi na kumrushia Giannis hewani. Kocha aliyekuwa benchi siku ile ni Budenholzer, bila ufundi wowote wa taimauti.

Uongozi wa timu umefanya usajili wake. Lillard ameachwa, na deni lake la zaidi ya dola milioni 100 litalipwa kidogo kidogo kwa miaka 5. Amerudi Portland, alikokwenda pia Holiday kiangazi cha 2025 akitokea Boston, kwa hiyo wote wawili wako huko sasa na sisi hatuna hata mmoja. Lopez ameondoka. Amekuja Myles Turner, tena kutoka kwa hao hao Pacers, mtu aliyeongoza ligi kwa kuzuia mipira mara mbili. Chini ya kikapu tutakuwa salama. Mbele, pa kumkabili mwenye mpira, sijaona aliyeletwa.

Kwa hiyo kamati haikuipitisha barua ya kumtaka Rivers aondoke. Badala yake tunapendekeza barua fupi kwa uongozi wa timu yenye maswali mawili: nani atamlinda mwenye mpira dakika mbili za mwisho, na nani ataupokea mpira tukiwa tunaongoza. Rasimu anayo katibu. Walioandika barua ya kwanza wana haki ya kuileta mkutanoni ipigiwe kura, na itasomwa kama walivyoiandika. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa katibu kabla ya siku ya mkutano, na awe amelipa ada, maana bila ada hakuna kura.